Sigara ya Wenye Kifua

Babu yangu hakuwahi kuvuta sigara hata siku moja. Alikuwa anatumia.

Hiyo ni tofauti kubwa, na ukitaka ugomvi naye, ichanganye. Wanaovuta ni wahuni, wale wa kijiweni wanaotoa moshi puani kama trekta bovu. Yeye ni mzee wa kanisa, mtu wa kupitisha kapu la sadaka na kukemea watoto wanaochezea kengele. Angevuta vipi? Yeye alikuwa na kifua tu, na kifua chake kilikuwa na dawa yake: moja, kutwa mara tatu, baada ya chakula. Chakula kikichelewa, dawa inasubiri. "Hii ni kali," alikuwa ananiambia. "Ukiitumia tumbo likiwa tupu inakuangusha chini." Akishakula anazunguka nyuma ya zizi, anageukia ukuta, anatumia. Anarudi ananuka dawa, anasafisha koo, anauliza nani amefungulia ndama.

Naongea hivi lakini heshima ipo palepale, maana mzee huyu ndiye aliyenilea. Mama aliniacha kwake Mogitu nikiwa bado kibogoyo wa meno ya mbele, akaenda kutafuta maisha, na Bibi alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Kwa hiyo tulikuwa wanaume wawili ndani ya nyumba, mmoja hajui kupika na mwingine hafiki kwenye jiko. Alijifunza. Ugali wake wa kwanza tulimpa mbwa, na mbwa akatuangalia kama tumemkosea. Alinifulia sare. Siku ya mahafali ya darasa la saba alikaa mbele kabisa, akapiga makofi hata jina lilipoitwa la mtoto wa watu. Matokeo yalipotoka na mimi sikuchaguliwa, hakunisema hata neno. Alisema tu, "Ulimi unao. Kuna watu wamesoma mpaka macho yameisha, ulimi hawana." Mpaka leo nakula kwa ulimi huo.

Sasa, hiyo dawa aliandikiwa na nani? Aliandikiwa na bati.

Ujanani mwake Babu alikuwa kibarua kwenye mashamba makubwa ya ngano huku kwetu Hanang. Vumbi la ngano ukilivuta wiki nzima, kifuani panakuwa kama kuna mtu anapepeta. Alianza kukohoa. Njiani kurudi kwake kulikuwa na duka, na kwenye ukuta wa duka kulikuwa na bati la tangazo la sigara. Mzungu amevaa koti jeupe, meno yote nje, sigara katikati ya vidole. Chini yake maandishi makubwa: SIGARA YA WENYE KIFUA. Chini zaidi, kwa herufi ndogo: Laini kooni, baridi kifuani.

Babu alijua kusoma. Hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Kwetu mtu akisema "ana kifua" maana yake anaumwa. Mtoto ana kifua, mpakeni mafuta. Mama fulani haji kwenye kwaya, ana kifua. Babu Kiswahili alijifunzia shuleni na vibaruani, hakunyonya nacho maziwa, kwa hiyo alisoma kilichoandikwa na akaamini kilichoandikwa: hii hapa sigara ya wagonjwa wa kifua, na huyu hapa daktari ameishika mwenyewe. Akamuuliza mwenye duka, "Hii ni ya wenye kifua?" Mwenye duka akamwambia, "Si umesoma mwenyewe?" Biashara ikaisha.

Miaka ilivyopita duka likabomolewa, na Babu akaliomba lile bati. Alilipigilia misumari sebuleni, juu ya kiti chake, pembeni ya kalenda ya kanisa. Jina la sigara lilikuwa limeliwa na kutu, lakini yule mzungu na meno yake walibaki wazima. Mimi nikiwa mdogo, ukiingia asubuhi unamwamkia Babu, halafu unamwamkia daktari. "Shikamoo Babu." "Marahaba." "Shikamoo Daktari." Kimya. Babu anamjibia: "Marahaba. Amesema ukanawe uso."

Msimu mmoja wa baridi, si zamani sana, kifua cha Babu kikabadilika. Baridi yetu mnaijua, ukungu unashuka mlimani unakaa shambani kama mgeni asiyeaga. Kukohoa alishazoea, na alikuwa na maelezo yake: "Dawa inatoa uchafu." Lakini sasa alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Suruali zikaanza kumpwaya, akatoboa mkanda tundu jipya kwa msumari. Shati la usiku unalikamua jasho wakati nje kuna baridi ya kukausha ng'ombe. Mimi wakati huo nilikuwa nalala huku na huko, nanunua kitunguu swaumu Mbulu nauza kwenye minada ya Hanang. Nilirudi nikamkuta amekuwa nusu ya mtu niliyemuacha. Nikaogopa. Nikafanya utani kwa sababu ndiyo kazi ninayoiweza.

"Babu, unapungua hivi unataka kuoa?"

"Nataka kukuoza wewe kabla sijafa," akasema, na akakohoa jibu lililobaki.

Nikampakia kwenye pikipiki, nikamfunga na shuka tumbo kwa mgongo kama mama na mtoto, tukaenda zahanati.

Nesi wa pale alikuwa dada mmoja wa Tanga, amehamishiwa kwetu kikazi, ushungi kichwani na masweta mawili mwilini, anatetemeka kila akisikia neno asubuhi. Lakini adabu anayo. Alisimama kabisa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hujambo kwa baridi hii?"

"Sijambo babu, nakufa tu taratibu." Akachukua kalamu. "Kikohozi kina muda gani?"

"Kina umri wako."

"Haya. Unavuta sigara?"

"Sivuti," akasema Babu, na mtu hawezi kusema kweli kwa uso mweupe kuliko ule.

Mimi nikaangalia dari.

"Hata zamani?"

"Hata zamani. Mimi ni mzee wa kanisa, binti."

"Vizuri sana. Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Ndiyo," akasema Babu, na akatoa pakiti mfuko wa shati, akaiweka mezani. "Hii. Kutwa mara tatu."

Yule dada akaangalia pakiti. Akaniangalia mimi. Nikamwambia, "Baada ya chakula." Akainama akaokota kalamu ambayo haikuanguka, mabega yanatikisika. Alipoinuka alikuwa na macho ya maji lakini uso umetulia, na kwa hilo mpaka leo namshukuru. Angecheka mbele ya Babu tungekuwa tumemzika.

"Babu, hii si sigara?"

"Ni sigara ya wenye kifua."

"Ya wenye kifua?" Akafikiri. "Kwetu Tanga mwenye kifua ni mtu anayetunza siri. Unamwambia jambo halitoki."

"Siri gani? Mimi nakohoa njia nzima, mpaka mbuzi wanajua."

Nikaingilia. "Kule mnadani tunasema mwenye kifua ni baunsa, dada. Mwanaume aliyejaa huku." Nikatunisha kilichopo, kikakataa kutuna.

"Hebu nyamaza," akasema Babu. "Nimetumia dawa hii tangu mama yako hajazaliwa."

Nesi akavuta kiti, akakaa karibu yake. "Babu, hakuna sigara inayotibu kifua. Hakuna hata moja, na haijawahi kuwepo. Moshi unaunguza mapafu, na yakiwa na ugonjwa unayamaliza. Aliyeandika vile alikuwa anauza tu, na alichagua neno ambalo kila mtu atalielewa anavyotaka. Nenda hospitali ya wilaya wapime makohozi, wapige picha ya kifua. Na hii," akagusa pakiti kwa kidole, "iache leo."

Babu akaichukua pakiti yake, akairudisha mfukoni, akafunga kifungo. "Asante binti. Mungu akubariki." Akatoka nje akasimama kando ya pikipiki ananisubiri, mgongo umenyooka kama mtu aliyetukanwa.

Nyumbani nilijaribu kila njia. Nilimbembeleza. Nilinuna, akanipita kama kiti. Nikang'oa misumari nikamgeuza yule mzungu aangalie ukuta, nikarudi jioni nikamkuta amegeuzwa tena, na amepanguswa vumbi. Nikamwambia, "Babu, utakufa kwa ajili ya bati?"

Akakivuta kiti chake, akakaa chini ya lile bati.

"Ngoja nikuulize," akasema. "Tuseme yule binti anasema kweli. Ile si dawa. Basi ni nini?"

"Ni sigara."

"Na mtu anayevuta sigara kutwa mara tatu tangu ujana wake anaitwaje?"

Nikainuka kufungua dirisha.

"Nimewasimamisha vijana ushirika, wakanyimwa meza ya Bwana, kwa sigara. Mmoja nilimnyang'anya mdomoni. Bibi yako alikuwa anasema nyumba inanuka, namwambia vumilia mama, ni dawa. Amekwenda kaburini anavumilia." Akavuta pumzi, ikagoma katikati. "Sasa niende hospitali niambiwe kwamba miaka yote hiyo mhuni alikuwa mimi?"

Ndipo nikaelewa. Mimi nilikuwa napigania mapafu yake, yeye alikuwa anapigania jina lake. Na ulimi wangu wote ule, siku hiyo haukuwa na neno.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mnada Getanuwas. Babu akasema anakwenda, kuna beberu anataka kumuuza kabla hajamdharau zaidi. Nikamwambia apumzike, nikatangulia na mzigo wangu; akapanda pikipiki ya jirani na beberu wake akaja. Nikajua basi, nitamuona tukimaliza.

Sasa niwaambie ninavyouza. Kitunguu swaumu ukikiweka chini kwenye turubai ukakaa kimya, kitakuangalia na wewe utakiangalia mpaka jua lizame. Lazima ukisemee. Mimi nina spika ya mkononi, na nina koti jeupe. Hilo koti nililipata mtumbani Mbulu, nadhani lilikuwa la muuza nyama huko Ulaya, maana lina mfuko wa kisu. Lakini ukilivaa, watu wanasogea. Wafugaji na mikuki yao wanasogea, akina mama na watoto mgongoni wanasogea.

"Karibu, karibu! Kitunguu swaumu cha Mbulu! Kinasafisha damu! Kinashusha presha, kinapandisha heshima! Una kifua? Kifua kinafunguka kama mlango wa kanisa! Mke amekimbia? Tafuna, atarudi! Akirudi usimpumulie!"

Watu wanacheka, watu wananunua. Katikati ya kicheko nikasikia kikohozi ninachokijua. Nikageuka. Babu amesimama pembeni ya turubai, beberu mkononi, ananiangalia kuanzia kola ya koti mpaka pindo.

"Shikamoo Babu," nikasema, na spika iko wazi, mnada mzima ukaamkia.

"Marahaba. Hicho kinatibu kifua?"

"Babu, tutaongea baadaye."

"Mimi ni mteja. Nina kifua. Kinatibu?"

"Kinasaidia."

"Hujasema kinasaidia. Umesema kinafunguka kama mlango wa kanisa."

Watu wakaanza kufurahi. Mama mmoja akasema, "Mjibu mzee, daktari!"

"Babu, ni maneno ya biashara."

"Udaktari umesomea wapi?"

"La saba, Babu. Na wewe ulikuwepo, ulipiga makofi."

Walicheka mpaka beberu akashtuka. Lakini Babu hakucheka. Akasogea akashika kola ya koti langu, akalipapasa kitambaa kama mtu anayekagua ngozi ya ng'ombe.

"Hili nani amekupa?"

"Nimenunua mtumbani."

"Wewe ukilivaa watu wanakuamini?"

"Wanakuja, Babu. Wanapenda."

"Na yule wa kwangu?"

Nikazima spika. Hapo sikutaka mnada usikie.

"Babu," nikamwambia, "mimi udaktari siujui. Lakini muuzaji namjua nikimuona. Kusimama kule, kucheka kule, bidhaa mkononi, neno ambalo mgonjwa atasikia lake na mzima atasikia lake. Yule ni mwenzangu wa mnadani. Amenizidi tu bati."

Babu akaniachia kola. Akaangalia turubai, akaangalia watu wanaonisubiri nimalize kuwadanganya ili wanunue. Uso wake ulipita mambo mengi, na mimi nilikuwa tayari kwa fimbo. Badala yake mdomo ukaanza kumcheza upande mmoja.

"Kumbe nimeamkiwa miaka yote na mtu wa mnadani," akasema. "Na nikamjibia."

Akanipa kamba ya beberu. "Uza huyu. Na kesho asubuhi unipeleke huko wanakopima. Usilete hilo koti."

Hospitali walimpima makohozi, wakampiga picha. Tulivyoitwa ndani, daktari, kijana mpole ambaye koti lake halikuwa na mfuko wa kisu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, una kifua kikuu."

Babu akanigeukia. "Amesema kikubwa?"

"Kikuu, Babu. Ni TB."

"Yaani nimeanza na kifua tu, nimekitibu mwenyewe mpaka kimekuwa kikuu."

Yule daktari alitaka kucheka akajizuia, halafu akashindwa, na tukacheka watatu pale na yeye Babu akakohoa kwenye kitambaa kama alivyoelekezwa. Tukaambiwa inatibika. Tukaambiwa dawa hailipiwi. Tukaambiwa sigara basi, na dirisha wazi nyumbani, na mimi nipimwe pia. Nikapimwa, nikawa mzima. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Dawa tulikuwa tunachukulia zahanati kwa yule dada wa Tanga, na mimi ndiye niliyepangiwa kumsimamia Babu akimeza. Fikirieni. Mtu aliyenikagua kucha na masikio utoto mzima, sasa kila siku nasimama mbele yake, "Babu, fungua mdomo. Inua ulimi." Anafungua kwa hasira, jicho moja kwangu. "Umeona?" "Nimeona." "Umeona meno yangu mangapi?" "Ya kutosha kuning'ata." Nilipunguza minada ili nisikose siku. Hasara ilikuwepo, lakini kukaa naye vile, asubuhi kwa asubuhi, ni zawadi ambayo nisingejua namna ya kuiomba.

Kuacha sigara kulimsumbua kuliko ugonjwa. Alikuwa akimaliza kula mguu unaelekea nyuma ya zizi wenyewe. Anafika, anasimama, anakosa la kufanya, anarudi. Siku moja akanipigia yowe zima kwa sababu chumvi imekwisha, na chumvi ilikuwepo. Nikamwambia yule nesi. Akaniambia, "Muache akufokee. Anayefoka yupo hai." Ni dada wa watu, baridi yetu inamuua, kwao mbali, na hakuna siku alimpokea Babu bila kusimama. Sina namna ya kumlipa. Kitunguu swaumu nilimpelekea, akakunja uso, akaniuliza kama kinarudisha mtu kwao Tanga.

Mwili ukarudi taratibu. Dozi ilipoisha na vipimo vikawa safi, Babu akasema Jumapili anataka kutoa shukrani kanisani. Nilimuona alivyovaa, koti la harusi, viatu vimeng'arishwa. Nilimuona pia alivyofunga kamba za viatu mara tatu. Kushukuru kupona ni rahisi. Lakini alisema ameamua hatashukuru nusu.

Mchungaji akamwita mbele. Babu akasimama na jogoo wake wa sadaka kwapani, na kanisa likanyamaza, maana ni yeye kwa kawaida anayelinyamazisha.

"Bwana asifiwe."

"Amen."

"Namshukuru Mungu nimepona TB. Nawashukuru waliotibu. Namshukuru na huyu mjukuu wangu, ingawa ana kelele." Akamhamisha jogoo kwapa la pili. "Na nina jambo jingine. Mimi nilikuwa mvuta sigara. Miaka yote mliyonijua, nilikuwa navuta. Nilikuwa naita dawa, lakini ilikuwa sigara. Niliowasimamisha ushirika kwa kosa hilo wapo hapa. Naomba mnisamehe, na kama kuna adhabu, niko tayari."

Nilifumba macho. Niliyafungua niliposikia kimya kimezidi. Watu walikuwa wanaangaliana, na si kwa mshangao. Walikuwa wanaangaliana kama watu wanaobishana nani aseme. Mwisho mchungaji akasogea, akamshika bega.

"Mzee wetu," akasema taratibu, "hilo tulikuwa tunalijua."

"Mlijua?"

"Mzee, ukipitisha kapu la sadaka tulikuwa tunasikia harufu mpaka benchi la mwisho. Sisi tulidhani wewe ndiye hujui."

Kanisa likapasuka. Waliosimamishwa ushirika ndio walioanza, na wale wazee wenzake wakashika mbavu, na jogoo akawika ndani ya nyumba ya Bwana. Babu akatuangalia wote, upande huu na upande ule, akatafuta hasira na hakuipata. Akacheka. Alicheka mdomo wazi, kichwa nyuma, kicheko kirefu ambacho mimi mjukuu wake sikuwahi kukisikia mpaka mwisho.

Nilisimama mahali nilipokuwa, nikasubiri kikohozi. Nilikisubiri kwa mwili mzima, kama unavyosubiri radi baada ya kuona mwanga.

Hakikuja. Akapangusa macho kwa mkono uliokuwa mtupu, akasema, "Haya, mwimbe basi," na yeye ndiye akaanzisha.